Boti Iliyotumika: Rangi Mpya Isimpumbaze Mnunuzi

Tangu Chato ilipomegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, Nyamirembe imekuwa bandari ya wilaya nyingine. Mfanyabiashara wa Biharamulo au Ngara anayetaka kuingia katika dagaa na sangara hununua chombo mbali na nyumbani, na hapo ndipo mitaji inapozama. Bei ya boti ya mbao iliyotumika huvutia. Rangi mpya huficha mengi.

Ukaguzi ufanyike nchi kavu, boti ikiwa tupu, na fundi awe wa mnunuzi, si wa muuzaji. Achome mbao kwa ncha ya kisu karibu na mkuku na penye mataruma. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Michirizi ya kutu ni dalili ya misumari iliyolika. Bati lililopigiliwa juu ya ubao ling'olewe, kilicho chini kionekane.

Kisha boti ilale majini usiku mmoja. Mbao kavu huvuja mwanzoni, halafu huvimba na kuziba. Maji yakizidi kuingia hata asubuhi, kuna ufa au kalafati imekufa.

Hati ya ukaguzi ya TASAC ni muhimu, lakini hueleza hali ya siku ile tu. Busara ni kuzuia sehemu ya malipo mpaka asubuhi hiyo. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko hasara ya injini, nyavu na roho za mabaharia.