Kiza cha Tembe Kisifutwe

Katika vijiji vya Iramba, mkoani Singida, na Ulemo ni kimojawapo, mabati yamekwisha kushika mahali pa tembe, ile nyumba ya paa bapa lililofunikwa udongo iliyowasitiri wahenga wa Wanyiramba pamoja na mifugo yao. Na kwa kuwa nyumba ya udongo ikikosa mkazi haivuki masika mengi, hapana budi ndani yake papigwe picha mapema.

Aingiaye humo mchana na kamera hukuta mlango unawaka jua la Singida, ilhali hatua tatu mbele ni kiza cha masizi. Jicho la mwanadamu huyazoea yote mawili. Kamera haina uwezo huo, maana ukiifuata nuru ya mlangoni, nguzo na vihenge huzama kizani, na ukiufuata ukuta, mlango huwa shimo jeupe tupu. Dawa yake ni ya zamani: Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika miaka ya 1850, aliunganisha kioo cha picha ya mawingu na kingine cha bahari akapata picha moja. Siku hizi kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu, tundu la lenzi lisibadilishwe, zikapigwa picha tatu au tano, kila moja ikipewa muda wa mwanga mara nne ya ile iliyotangulia. Kisha hupangwa tabaka juu ya tabaka katika kompyuta, na mhariri akafichua katika kila tabaka sehemu iliyopata mwanga wa kadiri.

Wako wasemao kuwa huo ni uongo. Siafikiani nao, maadamu picha zote zimetoka mahali pamoja na wakati mmoja. Hadaa niionayo mimi ni programu kuachiwa ing'arishe kila pembe sawasawa, hata tembe ikafanana na chumba cha hoteli. Kiza kile si aibu ya nyumba: kuta nene zenye vidirisha vichache ndizo zizuiazo joto la mchana na baridi ya usiku, na moshi uliozitia boriti weusi ndio uliozihami na wadudu. Mhariri mwenye insafu atakipa kihenge nuru ya kutosha kuonyesha alama za vidole vya aliyekikandika, masizi ya darini atayaacha yawe masizi, na mlango atauacha uwe mkali, kwa kuwa ndivyo ulivyo.

Nawasihi vijana wa Iramba wenye kamera waombe idhini kwa wenye nyumba, wakapige, na wazihifadhi picha za asili zote pamoja na jina la kijiji na tarehe, ili atakayekuja baadaye aweze kuipima kazi ya mhariri kwa macho yake mwenyewe.