RAV4, X-Trail au Rush? Waulizeni walioko Ziba

Ukitaka kuvuruga kikao chochote pale kantini, taja RAV4 na X-Trail kwa pamoja kisha nyamaza. Ndani ya dakika tano watu waliokuwa wanalia kwamba boom limechelewa watakuwa wanagombania magari ambayo hakuna hata mmoja wao anayamiliki. Mmoja atasema Toyota ni Toyota. Mwingine ataleta habari za ukubwa wa buti. Wa tatu, ambaye kwa kawaida nyumbani kwao kuna Forester, atawaambia wote hawajui gari.

Ubishi huo ni burudani ya bure na sina ugomvi nao. Ninachokataa ni kwamba tunabishana juu ya lami tu, kana kwamba safari zote za nchi hii ni kutoka Ubungo kwenda Mbezi. Na ndio sisi tunaopigiwa simu kutoka nyumbani. Wazee wanaamini mtu aliye chuo kikuu anajua kila kitu, hata kama anasoma isimu.

Mjomba wangu yuko Ziba, wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Ni mwalimu wa shule ya msingi na anastaafu mwaka huu. Alinipigia jioni moja, baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, akafika kwenye hoja: "Mjomba, hii hela ikitoka nataka gari ya juu kidogo. Wewe upo mjini, unasoma. Niangalizie, nisije nikanunua kesi."

Hela yenyewe mnaijua. Ni mkupuo wa kiinua mgongo, ule ule uliozua kelele za kikotoo. Mwaka 2022 ulishushwa hadi asilimia 33, bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa watumishi wa kundi lake ambao zamani walikuwa wakipata 50. Ni hela ya mara moja. Mtu akiipiga kwenye gari bovu hana muhula wa pili wa kusahihisha, hakuna sapu. Kwa hiyo naomba tuliweke suala hili mahali linapouma: Ziba, mwezi wa pili, mvua imenyesha siku tatu.

Wasiofika kule wajue kwamba ukiacha barabara kuu unakutana na udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika unakuwa gundi. Unajaza matairi hadi hayana kashata, na gari linateleza kwenda linakotaka lenyewe. Halafu kijijini mwenye gari ndiye ambulansi. Mama akishikwa uchungu saa nane usiku, mlango utakaogongwa ni wa mwalimu, na safari ni ya Hospitali ya Nkinga. Gari la mjomba litabeba mgonjwa, mahindi, mbuzi, wafiwa na spika za kanisa. Ndiyo matumizi halisi hayo. Ile mambo ya buti kuingia masanduku mawili ya kusafiria tuwaachie wanaokwenda uwanja wa ndege.

Tuanze na injini, maana hapo ndipo jina la gari linapodanganya watu. Ukisema RAV4 hujasema kitu bado. Kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2000, kile kilichojaa mitaani na namba zake za A na B, kwa soko la Japani kilikuja na injini mbili: ya cc 1800, 1ZZ, ambayo inasukuma magurudumu ya mbele tu, na ya cc 2000 iliyoandikwa D-4. Hiyo D-4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Ni teknolojia nzuri ikipata mafuta safi. Sasa fikiria petroli inayouzwa kwa chupa kwenye meza ya mbao kijijini. EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini hakuna kinasaba kinachozuia vumbi na maji kuingia kwenye chupa. Pampu ile haipendi uchafu, na fundi wa kuitengeneza ukimpata Igunga unishtue.

Kizazi cha tatu, kilichotoka mwishoni mwa 2005, kina injini ya cc 2400, 2AZ. Hiyo haina mambo ya D-4 na ina nguvu, farasi 170. Ila baadhi ya matoleo yake yanajulikana duniani kwa kula oili, hadi Toyota yenyewe kule Marekani iliongeza muda wa dhamana kwa ajili hiyo. Mtu anayepima oili kila Jumamosi ataishi nayo vizuri tu. Mtu anayefungua boneti siku ya moshi peke yake, hapana.

X-Trail nayo ni mbili tofauti kwa jina moja. Ile ya kwanza yenye dashibodi katikati, T30, ina injini ya cc 2000 na giaboksi ya kawaida ya otomatiki ya gia nne. Ile iliyofuata mwaka 2007, T31, otomatiki yake ya cc 2000 ni CVT, yaani haina gia za meno bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Ni laini barabarani. Lakini inataka oili yake maalumu, na kule kwetu oili ya giaboksi ni nyekundu, basi, hakuna maswali zaidi. Fundi akimimina ile ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza na puli zinakwaruzika. Hapo unazungumzia giaboksi nzima. Watu wakisema "Nissan mbovu" mara nyingi wanasema habari za oili iliyowekwa na mtu asiyejua, na si haki kwa gari. Lakini mjomba hatanunua haki, atanunua gari pamoja na mafundi waliopo.

CR-V nitaipitia haraka. Injini ya K20 ya kizazi cha pili ni imara kuliko nyingi zinazosifiwa hapa chuoni. Tatizo ni kwamba fowili yake inasubiri magurudumu ya mbele yateleze ndipo ya nyuma yaamke, na kwenye mbuga ukishateleza mara nyingi umeshazama. Forester ya kaka zetu wa mwendo ina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa kilomita zake, na ndugu yangu, kilomita za gari la mtumba nani anazijua kwa kiapo?

Escudo ndiyo mbabe wa matope. Ile ya kuanzia 2005 yenye cc 2000 na kuendelea ina fowili ya kudumu, inafungwa katikati, na ina gia nzito ya kutambaa ambayo wengine wote hapa hawana. Kama mjomba angekuwa na shamba la pamba upande wa pili wa mto, ningemwambia chukua hiyo, funga mjadala. Ila inakunywa, na mwalimu mstaafu anajaza mafuta kwa pensheni.

Inabaki Rush, gari ambalo kantini wanalicheka. Wanaliita gari la dada wa benki. Liliuzwa Japani kuanzia 2006 hadi 2016, na pacha wake anaitwa Daihatsu Be-go, ambaye nje ya Japani ni Terios. Injini ni cc 1500, 3SZ, isiyo na D-4, yenye cheni badala ya mkanda, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Toyota bB ya kizazi cha pili. Imelala kwa urefu kama ya pikapu, ekseli ya nyuma ni kipande kimoja, na toleo la fowili lina kitufe cha kufunga difu ya katikati ili mbele na nyuma vivute sawa. Ni jepesi pia, na kwenye udongo ule wepesi ni nusu ya ushindi. Kuhusu uwazi wa chini, hayo yote niliyoyataja yako karibu sentimita 20, kwa hiyo asikudanganye mtu kwa kuangalia kwa macho.

Kasoro zake? Linarusha. Kiti cha nyuma watu watatu wa Kinyamwezi waliokula vizuri watasalimiana kwa mabega. Buti ni dogo, na hapo X-Trail T30 inalipiga wazi: ukikunja viti vya nyuma unamlaza mgonjwa na mtu wa kumshika anakaa pembeni. Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipuuza, maana safari ya Nkinga ndiyo safari yenye uhai wa mtu ndani yake. Ninachosema ni kwamba kwenye Rush kiti cha mbele kinalazwa mpaka kikutane na cha nyuma, si kitanda lakini mama anafika. Gari pana lililozama njiani halimfikishi.

Wapagazi Wanyamwezi waliotoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na karibu frasila mbili za pembe begani, kilo thelathini na ushee, hawakuchaguliwa kwa mwonekano. Kuna mtu alikuwa anauliza kama atafika.

Sasa mauzo. Wanaoitetea RAV4 wana takwimu yao: tangu 1994 hadi 2020 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 10 duniani. Sawa, lakini milioni hizo zina injini za kila aina, na nyingi ziko Marekani. Kwetu magari mengi ni mtumba wa Japani, kwa hiyo kinachouzwa Tanzania leo ni kile Mjapani alichokipenda miaka kumi na kitu iliyopita. Mauzo yana maana moja tu kwa mjomba: spea. Toyota inashinda hapo, na ndiyo sababu X-Trail ya umri uleule huwa na bei ya chini kidogo na ukija kuiuza nayo inakurudisha chini.

Na kodi, ambayo kwenye ubishi wetu haitajwi kabisa. Kwa viwango tulivyovizoea, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1001 hadi 2000 na asilimia 10 ikizidi hapo, uchakavu asilimia 30 kwa gari lililovuka miaka kumi, halafu VAT asilimia 18 juu ya mlima wote huo. Tuseme TRA imelithamini gari shilingi milioni 10. La cc 1500 au 2000 litadaiwa kama milioni 9.9 kabla ya tozo ndogondogo. RAV4 ya cc 2400 yenye thamani hiyohiyo itaongeza takriban laki saba na nusu, bila kusogea hata mita moja. Na TRA inatumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, si ile bei ya ofa uliyoiona kwenye simu, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo chao kwanza ndipo umpigie mzee.

Mimi nimemwambia mjomba Rush, na iwe ya fowili, kwa sababu kuna za kusukuma nyuma tu ambazo kwa nje huwezi kuzitofautisha haraka. Achungulie chini aone kama kuna difu ya mbele, atafute kitufe cha kufunga, na aende na fundi wake mwenyewe, si wa yadi. Ile laki saba na nusu anunue matairi manne yenye kashata kubwa, jaki ya maana na jembe la kukaa ndani ya gari. Ameniambia atafikiria, maana mwenzake wa Nzega ana X-Trail.