Ulimi mzito ghafla, maji hayapiti kooni: Mashine zipo, tatizo ni muda

Mtu kaamka vizuri, kanywa chai. Ghafla maneno yanatoka kama ya mlevi na hata mate hayamezeki. Nyumbani huyu anakimbilia maji, yule anasema katupiwa kitu. Wakati wanabishana, muda unakwenda.

Kwa madaktari wa mfumo wa fahamu, hali hiyo ni kiharusi hadi ithibitike vinginevyo.

Kwa nini muda?

Mshipa wa ubongo ukiziba, ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu. Lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Ikikuta damu inavuja, dawa hiyohiyo inaweza kuua.

Hapo Tanzania imepiga hatua. Sehemu ya mkopo wa IMF wa Sh1.3 trilioni wa mwaka 2021 ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Lakini mgonjwa anayeanzia kwa mganga, akapita zahanati, kisha wilayani, anaweza kufika mkoani muda umeshapita. Mashine ipo, ila imebaki kuonyesha hasara tu.

CT haimalizi kazi

Kiharusi cha shina la ubongo, sehemu inayoongoza kumeza na kuongea, kinaweza kisionekane kwenye CT saa za mwanzo. Ndiyo maana maelezo ya ndugu nayo ni kipimo.

Sauti inafifia kadiri anavyoongea, kope zinalegea jioni, akipumzika anapata nafuu? Daktari atafikiria miastenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inavuruga mawasiliano ya neva na misuli. Huo una vidonge. Akiona vitu viwiliviwili baada ya kula chakula kilichohifadhiwa vibaya, sumu ya botulizimu nayo inaulizwa.

Cha kufanya

Usimpe maji, chakula wala aspirini. Vinaweza kuingia mapafuni, na aspirini ni hatari kama damu inavuja. Mwahishe hospitali yenye CT, na kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Daktari ataanza na swali hilo, na jibu lake ndilo linaloamua kama dawa bado inawezekana.