Damu Kasongo na Kabambare: kumngoja ndugu wa mgonjwa ni kuchelewa

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2. Huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, barabara mbovu zinaweza kumaliza muda huo kabla hajafika hospitali.

Katika hospitali nyingi za Kongo, damu hutafutwa mgonjwa akiwa tayari kitandani: ndugu ndio huombwa kutoa. Lakini makundi ya damu lazima yapatane, na damu ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Ndugu asipofaa, mbio huanza upya.

Watoto nao wamo hatarini, kwani malaria kali huharibu chembe nyekundu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema katika nchi maskini takriban nusu ya damu huongezewa watoto wa chini ya miaka 5.

Kujitolea mara moja hakutoshi, maana damu haikai kwenye friji zaidi ya siku 42. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Damu inayookoa ni ile iliyokwisha kupimwa kabla mgonjwa hajafika.