Mdhamini si rafiki: acheni kuandika udhamini kwa mstari mmoja

Leo nagombana na wenzangu wanaoandika programu za Sacco. Hapa Langas, mtu wa boda akitaka mkopo wa shilingi 60,000 huomba wanachama wenzake wamdhamini. Mama mboga akikubali, sehemu ya akiba yake inafungwa, na mkopo usipolipwa, inaliwa. Mwanachama anamdhamini mwanachama, wengi kwa wengi, na wote wamo kwenye jedwali moja.

Sasa tazameni Django. Unaandika ManyToManyField, unaielekeza kwa 'self', unaenda kunywa chai. Mstari mmoja tu! Lakini usipoongeza symmetrical=False, Django huchukulia kwamba uhusiano huo ni wa pande mbili, kama urafiki. Ukimweka mama mboga kuwa mdhamini wa mtu wa boda, zinaandikwa rekodi mbili, na ya pili inasema mtu wa boda naye amemdhamini mama. Jamani, hakusaini popote! Siku mama akishindwa na deni lake mwenyewe, programu itamkata nani?

Mtaniambia niweke jedwali la kati, yaani through, lenye kiasi na tarehe. Sawa. Ila kabla ya toleo la 3.0, la Desemba 2019, Django ilikataa kabisa jedwali la kati kwenye uhusiano wa pande mbili. Ilikupigia kelele mapema. Tangu hapo inakubali, na ukitumia add pamoja na through_defaults, ile rekodi ya pili inapewa hata kiasi kilekile. 20,000 za mama zinakuwa pia 20,000 za mtu wa boda, kimyakimya. Mimi ningependa lile kosa la zamani lirudishwe leo hii.

Na hata mkiandika symmetrical=False, ugomvi wangu haujaisha. Mama anaweza kumdhamini mtu yuleyule kwa mikopo miwili, mmoja umelipwa, mwingine bado. Akiba ipi ifunguliwe? Mshale kati ya watu wawili haujui. Udhamini ni wa mkopo, basi upeni darasa lake: mkopo, mdhamini, kiasi, tarehe ya kusaini, tarehe ya kuachiliwa. Mkopaji mtampata kupitia mkopo. Hata aliyejidhamini kwa akiba yake mwenyewe anaingia bila hila yoyote.

Eti ni ndefu? Fomu ya karatasi ya udhamini ina sehemu hizo, na sahihi juu.