Baba, kwa nini tumetoka?

Jumapili ile ya Oktoba 24, 2021 nilipika pilau. Sisemi nilipika kwa ajili ya mpira, lakini baba watoto aliacha hela ya nyama mezani bila kuombwa, na nyumbani kwangu jambo hilo hutokea siku za sikukuu na siku Simba inapocheza mechi ambayo yeye kichwani ameshaimaliza.

Na kwa kweli ilionekana imeshaisha. Wiki moja nyuma Simba ilikwenda Botswana ikaifunga Jwaneng Galaxy 2-0. Marudiano yalikuwa Kwa Mkapa, na wakati ule ukisikia mtu anasema "Kwa Mkapa hatoki mtu" hukumwona mwenda wazimu. Al Ahly walikuja Februari mwaka ule wakiwa mabingwa wa Afrika, wakapigwa bao moja la Luis Miquissone wakarudi kwao. AS Vita walikula nne. Kaizer Chiefs, waliotufunga nne kule kwao, walipokuja hapa walifungwa tatu. Sasa hawa Galaxy, ambao mtaani kwetu wengi ndio kwanza walikuwa wanajifunza kulitamka jina lao, wangefanya nini?

Ninasema "waliotufunga" kwa mazoea ya nyumba tu. Mimi ni Yanga, ya kurithi kutoka redio ya marehemu baba yangu, lakini nimeolewa Msimbazi na nimejifunza kukaa kimya kwa heshima.

Sebuleni walikuwa watatu. Baba watoto kwenye kiti chake. Mdogo wangu wa kiume, mjomba wa watoto, Yanga wa kupindukia, ambaye miezi ile alikuwa anaishi kwetu akitafuta kazi. Na kijana wangu, darasa la pili, ndani ya jezi nyekundu iliyomfika magotini kwa sababu baba yake alinunua ya kukulia. Binti yangu mkubwa alikuwa chumbani na simu yake. Yeye mpira haumhusu, na namwonea wivu.

Kabla ya mapumziko Rally Bwalya akafunga. Jumla ikawa tatu bila. Nikasikia meza inapigwa, na baba watoto akaanza kuzungumzia makundi, nani atapangwa na nani. Mjomba alikuwa anachezea rimoti kama mgeni asiyejua aondoke saa ngapi.

Kipindi cha pili mnakijua. Kilikuwa hakijakaa sawa, Galaxy wakarudisha. Kisha la pili. Hapo sebule ikanyamaza kiasi kwamba nilisikia mfuniko wa sufuria yangu unavyotikisika jikoni. Dakika za mwisho likaingia la tatu, na filimbi ikapigwa, 3-1.

Kijana alikuwa anahesabu vidole. Akahesabu tena. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, sisi tuna tatu, na wao wana tatu. Kwa nini tumetoka?"

"Kalale."

"Lakini baba, tatu kwa tatu si…"

"Nimesema kalale! Mpira huujui."

Chakula cha jioni kilikuwa hakijapakuliwa. Mtoto akaenda chumbani na jezi yake ya magotini. Baba watoto akatoka nje bila kuaga, na pilau ikaliwa na mimi, binti yangu na mjomba, ambaye alikula sahani mbili na nusu. Alipomaliza, akachukua vijiko sita akaenda navyo chumbani kwa watoto. Nilipopita mlangoni nikamkuta amevipanga juu ya godoro, vitatu huku na vitatu huku, anaeleza: hivi viwili tulifunga kwao, hiki kimoja kwetu; wao hivi vitatu vyote wamefunga kwetu; bao la ugenini lina uzito zaidi mkilingana. Mtoto anatikisa kichwa. Ilichukua dakika nne, labda tano.

Kesho yake mbele ya nyumba yetu, kwenye kijiwe cha kahawa, bunge likaanza. Dirisha la jikoni linatazama pale, kwa hiyo mimi ni mbunge wa kudumu hata kama sina kiti.

Upande mmoja walisema shida ni usajili. Clatous Chama alikuwa ameuzwa RS Berkane ya Morocco, Miquissone ameuzwa Al Ahly, wote katika dirisha lile lile. Huwezi, akasema fundi seremala, kutoa macho yako yote mawili halafu ukalalamika umejikwaa. Akajibiwa papo hapo: na wiki iliyopita kule Botswana tulipowafunga mbili, Chama alikuwepo? Fundi akanywa kahawa.

Upande wa pili walimtaka kocha. Huo ndio upande wenye watu wengi siku zote, maana kocha hayupo pale kijiweni kujitetea. Haikupita wiki Simba ikatangaza kuachana na Didier Gomes, na upande ule ukajiona umeshinda kesi, ingawa matokeo ya Jumapili yalibaki vile vile.

Wa tatu waliilaumu sheria. Ulaya walikuwa wameifuta sheria ya bao la ugenini miezi minne tu nyuma, Juni 2021, sisi Afrika tunaendelea nayo, ni haki hiyo? Muuza kahawa, mzee asiyesema sana, akauliza swali moja: "Kabla ya mechi mlikuwa hamuijui?"

Na walikuwepo watani. Mzee mmoja mstaafu, Yanga, alifika na gazeti analisoma kwa sauti. Akakumbushwa kwamba mwezi uliopita tu Yanga walitolewa na Rivers United ya Nigeria, bao moja hapa Dar na moja kule. "Ndiyo," akasema, "lakini sisi tulitolewa kistaarabu, hatukumsumbua mtu kupiga hesabu." Hata Simba walicheka.

Kulikuwa na mmoja ambaye hakusema lolote. Kijana wa bodaboda, kila siku ndiye mwenye kelele kuliko wote. Baadaye nikaja kusikia kwamba mkeka wake ulichanika pale pale kwa Simba, na alichoweka ilikuwa hesabu ya bosi ya siku tatu. Simba ilikuwa timu ya uhakika, ndiyo iliyowekwa juu kabisa ili ibebe nyingine. Wenzake wanabishana nani angepangwa beki ya kulia, yeye anajiuliza jioni atamwambia nini mwenye pikipiki.

Lakini lililonigusa hasa lilitokea Jumatano. Jirani yetu mmoja, mtu mzima, fundi bomba, akaketi kijiweni na swali lake: "Jamani, mimi sijaelewa. Si ilikuwa tatu kwa tatu?" Nikainua kichwa pale kwenye sinki. Nani akamjibu? Baba watoto. Akasogea kwenye benchi, akaomba vipande sita vya kashata, akavipanga. Hivi viwili tulifunga kwao, hiki kimoja kwetu. Polepole, kwa upole, na pale fundi bomba alipochanganya akarudia tangu mwanzo. Akamwambia hata, "Usijali, watu wengi inawachanganya."

Usiku nilimwambia. Sikupandisha sauti. Nilisema, yule jirani umemwelewesha kwa kashata. Mwanao uliambiwa swali hilo hilo ukamtuma kulala saa ya kula. Akanyamaza. Akasema siku ile alikuwa na moto, Jumatano ulikuwa umeshapoa. Ni kweli, na mimi naelewa, moto ni moto. Ila mtoto alikuwepo Jumapili, hakuwepo kijiweni Jumatano.

Wanawake wenzangu tukikutana kwenye vikoba huwa tunabadilishana mbinu. Mmoja huficha rimoti. Mwingine king'amuzi chake hakilipiwi wiki ya mechi kubwa, anasingizia mtandao. Mimi siwashauri. Mwanaume asiyeuona mpira kwake atauona kwenye kibanda umiza, na atarudi na hasira ile ile ikiwa imetembea. Tena, ukiniuliza, wanaume wa kijiwe chetu kwenye kushindwa wana ufundi mkubwa. Wanakaa chini, wanakiri, wanachambua kosa la dakika ya sitini kama daktari, wanataniwa na wanacheka. Ufundi huo wanauacha wapi wanapovuka barabara kuingia ndani, hilo ndilo sijapata jibu.

Wiki ya pili nilikuta jezi nyekundu chini ya godoro. Nikamuuliza. "Mimi sasa ni Yanga, kama mjomba." Nikadhani mjomba kamhonga pipi. Hakumhonga. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu, "Mjomba akijua kitu anasema." Basi.

Mnaweza kucheka, lakini mwanaume yule aliumizwa na jezi ile chini ya godoro kuliko mabao matatu ya Galaxy. Kwao ni Simba tangu babu. Alijaribu kumrudisha kwa maneno, akajaribu kwa kumnunulia mpira mpya. Mtoto akaupokea mpira, akashukuru, akabaki Yanga. Na kwa bahati mbaya ya baba yake msimu ule ndio Yanga ilichukua ubingwa bila kufungwa mechi hata moja.

Sasa twende Novemba 5, 2023. Simba ndiye mwenyeji wa watani. Mjomba alikuwa ameshapata kazi na amehamia Chanika, kwa hiyo sebuleni walikuwa wawili tu: baba na jezi yake nyekundu, kijana wa darasa la nne na jezi ya kijani aliyotumiwa na mjomba, hii ikimtosha vizuri. Walikuwa wamewekeana soda. Mapumziko ilikuwa moja moja, nikawapelekea karanga, wote wachangamfu.

Yanga wakapata la pili nikasikia mtoto anapiga kelele. La tatu, kelele ikapungua. La nne sikusikia kitu. La tano likaingia, mlango wa jikoni ukafunguka, kijana kasimama na macho makubwa.

"Mama," ananinong'oneza, "nishangilie?"

Sikuwa na jibu, mnisamehe. Nilikuwa na furaha yangu ya kurithi nimeificha kwenye kanga, na nilikuwa naiona ile Jumapili ya pilau inarudi. Kabla sijasema lolote sauti ikatoka sebuleni:

"We! Njoo umalize mechi yako. Mtu akishinda hakimbii."

Akarudi. Nikawachungulia. Baba alikuwa ameegemea, uso umekauka kama mbao, lakini alikuwa amekaa. Filimbi ilipopigwa, akampa mtoto mkono kama wanavyopeana manahodha. Kisha akasema anatoka kidogo. Alizunguka nje hadi usiku, na mimi sikumtafuta. Aliporudi alikuwa na soda mkononi, imeshapoteza ubaridi. Akaiweka mezani, akala chakula chake kimya, akalala. Wiki haikuisha Robertinho naye akawa amekwenda na maji kama Gomes, na kijiweni bunge likakaa tena, safari hii kwa siku nyingi zaidi.

Machi 2, 2024 Galaxy wakarudi Kwa Mkapa. Kundi moja na Simba, na Simba inataka ushindi iende robo fainali. Wiki iliyotangulia Yanga walikuwa wameshapita kwa kuwafunga Belouizdad nne, kwa hiyo kijana alikuwa na roho nyeupe, alikubali hata kumshangilia baba yake kwa mkopo. Simba ikafunga sita, wageni hawakupata kitu. Sita! Baba watoto alicheka mpaka akakohoa. "Hawa ndio wale," akawa anasema, "hawa ndio wale wale."

Nilikuwa natoa sahani mezani. Kijana, darasa la tano sasa, akamgeukia.

"Baba, ile siku walipowatoa. Mlikuwa tatu kwa tatu. Ilikuwaje?"

Baba yake akamtazama kidogo. Kisha akazuia mkono wangu, akachukua vijiko kwenye sahani, akavifuta kwa kitambaa kimoja kimoja mpaka vikafika sita. Akaanzia Botswana. Viwili tulifunga kwao. Akaeleza bao la Bwalya, akaeleza walivyojisahau baada ya mapumziko, na yeye mwenyewe alivyokuwa ameshaanza kupanga makundi. Alitumia karibu nusu saa.

Sheria ile mtoto anaijua tangu darasa la pili. Alikaa akasikiliza mpaka kijiko cha mwisho, na jezi yake ya kijani mwilini.