Kijiti Kikitolewa, Tusishangilie Upesi



Katika baadhi ya jumuiya zetu ndogo ndogo, mama akienda zahanati kutoa kijiti cha uzazi wa mpango, habari hupokelewa kama habari ya mwongofu. "Ameachana nayo," watu husema, na mambo huishia hapo. Hakuna anayemuuliza kwa nini amekitoa, wala ataishi vipi na mumewe kuanzia usiku ule. Hoja yangu ni kwamba tunashangilia mapema mno. Mama zetu wengi wa kando ya Ziwa wanaoacha njia za muda mrefu hawaziachi kwa sababu wamesadiki mafundisho ya Kanisa. Wanaziacha kwa sababu ya damu, kwa sababu ya mume, na kwa sababu ya hofu. Tukiwapigia makofi bila kuwapa msaada, tunawaacha pale pale walipokuwa.

Najua swali litakalokuja: frateri wa miaka 25, asiye na mke wala mtoto, anajua nini juu ya mambo haya? Ni swali la haki. Lakini miaka michache ijayo, Mungu akipenda, mimi na wenzangu tutaketi kwenye kiti cha kitubio kuwasikiliza mama hawa na waume zao. Afadhali tuanze kusikiliza sasa.

Kwanza tufahamu tunazungumzia nini. Kijiti ni kirija chembamba, laini, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Kuna cha miaka 3, na kuna vile vinavyowekwa viwili kwa miaka 5. Lupu ya shaba huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi na inaweza kukaa miaka 10 au zaidi. Mwaka 2013 bei ya vijiti kwa nchi maskini ilishushwa kwa karibu nusu, navyo vikafika hadi zahanati za vijijini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vijiti ndiyo njia ya kisasa inayotumiwa zaidi na wanawake walioolewa hapa Tanzania. Kwa hiyo tusijidanganye. Wenye vijiti wamo kanisani Jumapili, wanaimba kwaya, wamevaa sare ya WAWATA.

Sababu ya kwanza ya kuacha ni damu. Kijiti hubadili mzunguko wa mwezi. Mmoja hutokwa na damu kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, mwingine haoni kabisa siku zake kwa miezi. Wauguzi wanajua kwamba hali hizi ni za kawaida kwa dawa hiyo, lakini mama asipoelezwa kabla ya kuwekewa, hubaki na maelezo ya majirani: kwamba damu inajikusanya tumboni na siku moja itageuka uvimbe. Si kweli. Dawa hufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi usijengeke vya kutosha, kwa hiyo hakuna damu inayokusanyika. Lakini nani amwambie, na saa ngapi, ikiwa zahanati ina muuguzi mmoja na foleni ni ndefu?

Sababu ya pili ni mume. Kijiti hupapasika. Mama aliyekiweka kwa siri hawezi kukificha mkono ukiguswa, na damu isiyokoma huuliza maswali hata mkono usipoguswa. Hapo ndipo maneno huanza: unatumia dawa ili uwe na nani? Kwa mume anayelala ziwani wiki nzima, dawa ya uzazi huonekana kama ruhusa ya uhuni. Wapo wanaokwenda kutoa kijiti kesho yake asubuhi, mume akiwa amesimama nje.

Sababu ya tatu ni hofu ya ugumba, nayo ina mizizi mirefu kuliko dawa yenyewe. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma katika Seminari ya Rubya, alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa kwa Kikerewe. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, ikiwa na jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kisa chake kinaanzia kwenye ndoa inayokosa mtoto na maneno ya ndugu yanayotaka kuivunja. Anayetaka kujua kwa nini mama wa Ukerewe au Sengerema huingiwa na hofu siku zake zisipoonekana, aanzie hapo. Kwetu, tumbo lisilozaa bado linaweza kumrudisha mwanamke kwao. Ukweli ni kwamba baada ya kijiti kutolewa uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Ni sindano ya miezi mitatu ambayo huchelewesha kwa miezi kadhaa, nayo pia haimfanyi mtu kuwa tasa.

Wapo pia wanaotoa kijiti kwa sababu wanataka mtoto. Hao tufurahi nao.

Njia hizi zina jambo jingine la pekee. Vidonge, mama huviacha mwenyewe kwa kutovimeza. Kijiti hawezi kukitoa mwenyewe. Anahitaji mkono wa mtu mwingine, mwenye ujuzi, vifaa na utayari. Mahali pengine aliyefundishwa kutoa hayupo siku hiyo, au mama huambiwa avumilie hadi miaka yake iishe. Hapo swali la uhuru linakuwa zito. Na wakubwa nao wamesema mengi: Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwakosoa hadharani wanaotumia uzazi wa mpango. Huyu anamwambia mama aweke, yule anamwambia atoe. Mwenye mkono haulizwi.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba tendo la kibinadamu kwa maana kamili ni lile linalotoka katika akili na utashi: mtu anajua anachofanya, na anakitaka. Ujinga na kulazimishwa hulipunguzia tendo hiari yake, wakati mwingine huiondoa kabisa. Hofu nayo huifanya hiari kuwa ya nusu moyo. Tukipima kwa mizani hiyo, mama aliyetoa kijiti kwa sababu ya uvumi au kwa sababu ya ngumi za mume hajachagua bado. Amesukumwa. Aliyesukumwa kuelekea upande tunaoupenda sisi amesukumwa vilevile.

Sasa hapa kuna pingamizi: je, frateri anataka tuwaambie warudi kwenye kijiti? Hapana. Mtakatifu Paulo VI alifundisha waziwazi mwaka 1968, katika waraka Humanae Vitae, na mafundisho hayo nayashika. Lakini waraka ule ule unakiri kwamba wanandoa, kwa sababu nzito na kwa kuheshimu sheria ya maadili, wanaweza kuamua kutopata mtoto mwingine kwa muda fulani au hata kwa muda usiojulikana. Unawaruhusu kufuata siku zisizo za rutuba. Unaonya pia kwamba mwanaume anaweza kupoteza heshima kwa mke wake na kumfanya chombo cha kujiridhisha. Tunazifahamu sana katazo za waraka huu. Sehemu inayomhusu mume hatuihubiri kwa sauti ile ile.

Njia ya asili inadai mambo mawili: elimu na mume. Mama anahitaji kujifunza kuusoma ute wake, unaokuwa wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi siku za rutuba zinapokaribia. Anahitaji kujua kwamba yai huishi takriban siku moja, lakini mbegu ya mwanaume inaweza kuishi hadi siku 5. Aliyetoka kutoa kijiti anahitaji mwalimu zaidi ya wote, kwa sababu mizunguko ya kwanza inaweza kuyumba, na mimba inaweza kuingia hata kabla hajaona siku zake. Anayenyonyesha tu bila kumpa mtoto kingine, mtoto hajafikisha miezi 6, na siku zake hazijarudi, ana kinga kubwa ya asili. Babu zetu waliijua sehemu ya elimu hii. Walipokemea kubemenda mtoto, walikuwa wanamlinda anayenyonya asije akafuatwa upesi na mdogo wake.

Kuhusu mume, tuwatazame wavuvi wetu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti tena, mitumbwi hupumzika na wanaume hurudi nyumbani. Lakini mwezi wa angani haufuati mwezi wa mwanamke. Baba anaporudi na fedha na hamu ya wiki tatu, huenda ndizo siku za rutuba za mkewe. Usiku huo mafundisho yetu yote yanamtegemea yeye: kama atakubali kungoja, au la. Kumfundisha mama peke yake njia ya asili, kisha kumrudisha kwa mume asiyejua lolote, ni kumpa jembe lisilo na mpini.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, tuache uvumi. Kusema kwamba kijiti huleta utasa ili watu wakiache ni kuvunja Amri ya Nane ili kuitetea Ya Sita, na siku mama akigundua ukweli zahanati hatatuamini tena hata tunaposema kweli. Pili, njia ya asili isiwe mada ya alasiri moja katika mafundisho ya ndoa. Ifundishwe na wanandoa wenyewe wanaoiishi, kwa miezi kadhaa, mume akiwepo. Tatu, UWAKA waichukue kama kazi yao, na makatekista wa visiwani waipange wakati wa mbalamwezi, wanaume wakiwa nyumbani. Nne, Kanisa lina hospitali hapa kwetu, Bugando, Sumve na Sengerema, pamoja na zahanati za masista. Kila moja iwe na mtu anayejulikana kwa jina na saa zake, ambaye mama anayetaka kuijua njia ya asili anaweza kumfuata bila aibu.

Yote hayo yanachukua muda, lakini lipo la kuanza nalo wiki hii. Jumuiya yako ikisikia kwamba mama fulani ametoa kijiti, mama mmoja mwenye busara aende kumtembelea, amuulize anaendeleaje, na amsikilize bila kuhukumu. Na baba mmoja aende kwa mumewe.